Jazi ya taratibu ya usiku: uanze na ipi kati ya hizi nne?

Anayetafuta jazi ya taratibu, ya usiku, yenye uzito fulani kifuani, kwa kawaida hupewa orodha ya majina kumi na kuachiwa mwenyewe. Anafungua la kwanza, dakika ya tatu anaona hakuna linalotokea, anafunga, na tangu hapo anaamini muziki huu haukuandikwa kwa ajili yake. Mara nyingi alipewa tu albamu isiyomfaa kuanzia. Muziki unaweza kwenda pole kwa njia nyingi, na watu hawachoshwi na jambo moja.

Tunalinganisha albamu nne: In a Silent Way ya Miles Davis, Black Earth ya kundi la Bohren & der Club of Gore, Drive By ya The Necks, na Promises ya Floating Points, Pharoah Sanders na London Symphony Orchestra. Ya kwanza ni tulivu kwa sababu kodi zake, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, zinagoma kuhama, ingawa mpigo unakimbia. Ya pili ni pole kwa mpigo wenyewe. Ya tatu ina mpigo wa kawaida, ila mabadiliko yake yanatambaa. Ya nne inarudia kifungu kimoja cha noti saba na kukiachia nafasi kubwa pande zote. Ukishajua ni lipi kati ya hayo manne linalokukera haraka, nusu ya kazi ya kuchagua imekwisha.

| Albamu | Mwaka | Urefu | Vipande | Data kwa kbps 320 |
|---|---|---|---|---|
| In a Silent Way | 1969 | dakika 38 | 2 | MB 91 hivi |
| Black Earth | 2002 | zaidi ya saa 1 | 9 | zaidi ya MB 150 |
| Drive By | 2003 | saa 1 hivi | 1 | MB 144 hivi |
| Promises | 2021 | dakika 46 | 9 | MB 110 hivi |

Hesabu ya data ni rahisi (kbps ni kilobiti kwa sekunde, kipimo cha data inayobeba sauti): kbps 320 hula MB 2.4 kwa dakika, na kbps 96 hula MB 0.7. Kwa mwenye bando dogo tofauti hiyo ni kubwa, lakini kuna albamu moja hapa ambayo ukiibania data utaiharibu. Tutaifikia.

In a Silent Way

Ilirekodiwa siku moja tu, tarehe 18 Februari 1969, katika studio ya CBS ya 30th Street jijini New York, ikatoka Julai mwaka huohuo. Ukisoma waliocheza unategemea kelele: vinanda vya umeme vitatu, yaani Herbie Hancock, Chick Corea na Joe Zawinul anayepiga pia ogani, John McLaughlin kwenye gitaa, Wayne Shorter kwenye saksafoni ya soprano, Dave Holland kwenye besi, Tony Williams kwenye dramu, na Davis na tarumbeta yake. Watu wanane, na hakuna anayemkanyaga mwenzake.

Upande wa kwanza wa santuri ni "Shhh/Peaceful", dakika 18. Sikiliza haihati, yale matoazi mawili yanayofungwa kwa mguu. Williams anabaki hapo, vipigo vidogo vya haraka visivyokatika, huku vinanda vikitupa kodi mojamoja kama mtu anayerusha vijiwe kisimani. Mwili unahisi mwendo na hapohapo mahali hapabadiliki. Ndiyo maana hii ndiyo albamu salama zaidi kwa mtu anayeogopa kusinzia: daima kuna kitu kinachotembea.

Upande wa pili ndiko uliko moyo wa albamu. Zawinul aliuandika "In a Silent Way" ukiwa na kodi nyingi. Davis akazifuta karibu zote, akabakiza noti moja ya chini inayoshikiliwa na melodi ikielea juu yake bila mpigo. Gitaa linaitaja kwanza, kisha soprano, kisha tarumbeta na soprano kwa pamoja. Aliyekulia na taarabu asilia hahitaji kufundishwa namna ya kusikiliza hapa. Ni sikio lilelile la taksimu, pale udi au kanuni inapotembea peke yake, bila ngoma, ikipapasa maqamu, yaani mpangilio wa noti za wimbo, kabla wenzake hawajaingia.

Baada ya dakika nne hivi unaingia "It's About That Time". Besi inarudia kifungu kifupi, dramu inajizuia kwa muda mrefu mno, halafu karibu na mwisho wa sehemu hiyo Williams anafungulia dramu zake zote, muda mfupi tu, na kurudi kimya. Aliyezoea dansi, anayekaa akisubiri chemko, atapata hapa kitu kinachofanana nalo kuliko popote kwenye albamu hizi nne. Ila litakuja mara moja na kuondoka.

Kuna jambo linalowachanganya wengi. Dakika nne za mwisho za upande wa pili ndizo zilezile za mwanzo, utepe uleule. Mtayarishaji Teo Macero alikata na kuunga mikanda ya siku ile mpaka ikawa na umbo hili. Msikilizaji mgeni hudhani programu imeruka nyuma, anashika simu, na kuikosa sehemu ambayo kurudi kwake ndiko kunakoleta maana: melodi ni ileile, lakini wewe umeshapita katikati ya ule mlipuko wa dramu, kwa hiyo huisikii kama mara ya kwanza. Acha simu ilipo.

Promises

Sam Shepherd, anayejiita Floating Points, ni Mwingereza wa muziki wa elektroniki. Pharoah Sanders alikuwa tayari ni mkongwe, aliyepiga saksafoni na John Coltrane, nguli wa saksafoni ya jazi, katika miaka ya 1960. Albamu ilitoka tarehe 26 Machi 2021, Sanders akiwa na miaka 80, na alifariki Septemba 2022. Ni kazi moja ya dakika 46 iliyogawanywa mafungu tisa, na kuanzia mwanzo inabebwa na noti saba zinazopigwa na piano, hapsikodi na selesta (vinanda viwili vya sauti nyembamba ya kengele na nyuzi) kwa pamoja, zinazimika, kimya kidogo, zinarudi.

Noti hizo saba ndizo mtihani. Kuna watu ambao marudio yanawatuliza, na kuna ambao yanawakera kama bomba linalovuja. Utajijua ndani ya dakika tano, na ukiwa wa kundi la pili usijilazimishe. Nenda Drive By, ambako marudio yanabadilika sura. Lakini usifunge kabla ya fungu la 4, Sanders anapoiweka kando saksafoni na kunung'unika kwa mdomo, sauti ndogo zisizo maneno, kama mzee anayembembeleza mjukuu. Ni sekunde chache, na kwa maoni yetu ndizo sekunde za karibu kabisa katika albamu hizi nne. Kabla na baada yake utasikia pumzi ikiingia kwenye mdomo wa saksafoni na vitufe vikigonga. Maikrofoni iliwekwa imsikie mtu, pamoja na ala yake.

Fungu la 6 ndilo linaloleta fidla na jamaa zake za okestra kwa nguvu zote. Hapa ndipo kosa la kawaida hutokea. Mwanzo wa albamu ni wa sauti ndogo, basi msikilizaji anapandisha. Anapandisha tena. Fidla zinapofika, spika inakoroma au majirani wanagonga ukuta, anashusha kwa haraka, na mafungu ya mwisho anayakosa. Dawa yake: weka sauti kiasi cha kusikia pumzi ya Sanders kwa shida kidogo, shusha hatua moja, usiguse tena. Kama huisikii, tatizo ni feni ya chumbani au barabara, na suluhisho ni hedifoni zinazofunika sikio.

Kabla ya fungu la 9 kuna kimya kirefu. Albamu haijaisha. Fungu la mwisho ni la okestra.

Ukiweka hizi mbili pamoja, In a Silent Way ni mazungumzo ya watu wanane chumbani na Promises ni mtu mmoja ndani ya jengo kubwa. Ya Davis unaweza kuisikiliza ukiwa na mtu pembeni. Ya Sanders inataka uwe peke yako, au na mtu ambaye mmeshazoeana kukaa kimya.

Black Earth

Bohren & der Club of Gore wanatoka Mülheim an der Ruhr, Ujerumani. Walianzia kwenye muziki mkali wa magitaa, na alipoingia Christoph Clöser na saksafoni mwaka 1997 gitaa likaondoka. Uzito wa ule muziki wa zamani walibaki nao, kelele wakaziacha.

Fungua "Midnight Black Earth", wimbo wa kwanza, na ujaribu kugonga kidole mezani kufuata mpigo. Utawahi. Rudia, utawahi tena. Noti ya besi inaanguka, brashi ya mpiga dramu inapita juu ya toazi, piano inaweka kodi moja, na pigo linalofuata halijafika bado. Mtu akishaacha kugonga na kuanza kungoja, ameipata albamu hii. Akiendelea kugonga, itamchosha mpaka mwisho.

Kasoro yake tunaisema wazi: nyimbo tisa zina mwendo mmoja na rangi moja, na zaidi ya saa nzima ya hali hiyo si lazima uimalize kwa mkao mmoja. Nyimbo tatu za kwanza zinatosha usiku wa kwanza. Anayeiona nzito mno aende kwa Sunset Mission, albamu ya kundi hilohilo ya mwaka 2000, ambayo ina joto zaidi na saksafoni inasemasema zaidi. Na aliyefiwa au anayepita kwenye kipindi kibaya, tungemshauri aanze na Promises, aiache Black Earth kwa siku nyingine. Giza lake halina mlango wa kutokea.

Drive By

The Necks ni watu watatu wa Sydney, Australia: Chris Abrahams kwenye piano, Lloyd Swanton kwenye besi, Tony Buck kwenye dramu. Wako pamoja tangu 1987. Jukwaani hawapangi chochote kabla. Mmoja anaanza, wengine wanafuata, na baada ya kama saa nzima wanaishia. Drive By ni ya studio, kipande kimoja tu cha saa nzima, na ndiyo rahisi kupenda kati ya kazi zao kwa sababu dramu na besi zinakaa kwenye mwendo mmoja wa starehe.

Ni kama kutazama maji yakipwa. Hukioni kitu kikihama, ukigeuka unakuta ngalawa imekaa kwenye mchanga. Anayesema "hakuna kinachotokea" afanye jaribio dogo kabla ya kusikiliza kwa mpangilio: asikilize nusu dakika kwenye dakika ya 5, nusu dakika kwenye ya 25, na nusu dakika kwenye ya 45. Tofauti ataisikia mara moja. Kisha arudi mwanzo na kutafuta ni wapi hasa badiliko liliingia. Hatapapata, na kutafuta kwenyewe ndiko kusikiliza.

Hii pia ndiyo pekee kati ya nne inayokubali kazi ya mikono: kupika, kushona, kuendesha gari barabara ndefu. Nyingine zikiwekwa nyuma ya shughuli zinageuka kuwa ukimya wa gharama.

Vifaa, na kinachoharibika

Spika ya simu haifai kwa Black Earth. Uzi wa chini kabisa wa besi kubwa ya kusimama hutoa hertz 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde, na spika ya simu haifiki karibu na hapo. Kinachobaki ni brashi na saksafoni zinazoning'inia hewani, na wimbo unasikika kama umesahaulika nusu. Spika ndogo za Bluetooth nazo hujaribu kufidia kwa kuvimbisha besi, zikageuza kila noti kuwa mvumo mmoja usio na mwanzo wala mwisho. Zima kitufe cha kuongeza besi. Spika za masikioni za waya za bei ya kawaida, zinazoziba tundu la sikio vizuri, zitakupa zaidi kuliko spika hiyo. Zikilegea sikioni, besi ndiyo ya kwanza kutoroka.

Albamu isiyovumilia kubaniwa data ni In a Silent Way, na sababu ni ile haihati. Kwenye kbps 96 sauti kali za matoazi ndizo zinazopondwa kwanza, na vipigo vya Williams vinageuka kuwa mchirizi wa maji. Dakika 18 za mchirizi hazisikilizwi. Shusha faili kamili ukiwa kwenye Wi-Fi. Usisikilize kwa sikio moja vilevile: vinanda vitatu vimetandazwa kati ya kushoto na kulia, na ukichomoa upande mmoja unamwondoa mtu chumbani. Black Earth huvumilia zaidi kbps ndogo kwa kuwa sauti zake ni chache na zinaisha polepole, ingawa mkia wa toazi utaharibika kidogo.

Kwenye programu ya muziki, kabla ya kubonyeza cheza, pitia mipangilio hii:

- Zima kuchanganya nyimbo. Promises ikichanganywa haina maana yoyote.
- Zima kile kipengele kinachofifisha mwisho wa wimbo ndani ya mwanzo wa unaofuata. Weka sekunde 0.
- Zima kusawazisha sauti, au kiweke kisawazishe albamu nzima badala ya wimbo mmojammoja. Kikipima kila fungu peke yake, sauti ya Promises itaruka juu au chini katikati ya pumzi.
- Zima kucheza kitu kingine chenyewe albamu inapoisha. Hakuna kinachoudhi kama wimbo wa matangazo ya dansi kuangukia juu ya noti ya mwisho.
- Simu iwe kimya, na programu iondolewe kwenye udhibiti wa kuokoa betri, maana baadhi ya simu huifunga programu skrini ikizimika muda mrefu.

Kwa anayetumia akaunti ya bure: matangazo huingia kati ya kipande na kipande. Promises ina vipande tisa, kwa hiyo tangazo la sabuni linaweza kukukuta ukiwa umezama. Drive By ni kipande kimoja, hivyo saa nzima iko salama, na In a Silent Way ina mpaka mmoja tu, palepale ambapo santuri ingegeuzwa. Kwa bure, basi, ni hizo mbili.

Wenye mashine ya santuri wafahamu kwamba muziki wa sauti ndogo hufichua vumbi. Upande mmoja wa santuri ya inchi 12 hubeba dakika 20 hadi 25, kwa hiyo kazi ya saa nzima lazima ikatwe, na Drive By ikikatwa inapoteza kile inachotoa. Hiyo isikilize kwa CD au faili. In a Silent Way ilikatwa kwa ajili ya santuri tangu mwanzo, na kuinuka kuigeuza ni mapumziko yanayofaa.

Nani achukue ipi

Mpenzi wa taarabu, au yeyote anayependa melodi iliyo wazi: In a Silent Way, akianzia upande wa pili. Aliyetoka kwenye kwaya na muziki wa kanisani mara nyingi huingia kwa urahisi zaidi kupitia Promises, kwa sababu ameshazoea sauti kukua ndani ya jengo na kimya kuwa sehemu ya ibada. Mpenzi wa roki nzito, au wa filamu za upelelezi za usiku na mvua, apewe Black Earth moja kwa moja. Anayesoma au kuandika usiku na kuchoka kubadilisha nyimbo, Drive By. Mwenye dakika 40 tu kabla ya kulala, Davis tena.

Saksafoni na tarumbeta zikikukaa vibaya zote, yupo Jon Hassell, Mmarekani aliyejifunza kwa mwimbaji wa Kihindi Pandit Pran Nath na kuifanya tarumbeta yake isikike kama koo la mtu. Albamu aliyoitoa na Brian Eno, mwanamuziki na mtayarishaji Mwingereza, mwaka 1980, Fourth World Vol. 1: Possible Musics, ina kwenye upande wa pili kipande kimoja cha dakika 21 chenye jina la Burundi ndani yake, Charm (Over "Burundi Cloud"), na upande wa kwanza Aïyb Dieng wa Senegal na Naná Vasconcelos wa Brazil wanapiga ngoma kwa mikono, chini sana, karibu na ardhi. Ni ya mtu anayetaka joto badala ya usiku. Na utakapotafuta zaidi utakutana na The Kilimanjaro Darkjazz Ensemble. Jina lisikupotoshe, ni kundi la Uholanzi, lililoanza kwa kutengeneza muziki wa filamu za kimya, na linamfaa aliyeipenda Black Earth akatamani mambo yabadilike zaidi.

Ukiikwamia albamu mara ya kwanza, ipe mara ya pili baada ya siku mbili au tatu, saa tofauti na kwa kifaa tofauti. Ya Davis ijaribu asubuhi na mapema, kabla ya magari. Ya Bohren isikilize taa zikiwa zimezimwa. Ikikwama tena, hamia ile ambayo upole wake ni wa aina nyingine kabisa: kutoka Promises nenda Drive By, kutoka Black Earth nenda In a Silent Way.